Nitoe Waya Upi Kwanza

Tanga, 2 Machi 1954

Dada Raheli,

Shikamoo. Bwana Harwick alituambia jana kwamba mashua yake itaondoka Tanga mwisho wa Mei kwenda Shelisheli, yeye na mkewe, wawili tu. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jipya, lakini najua utanigombeza kwa kutanguliza habari za Wazungu, basi nirudi nyuma. Mimi sijambo. Mumeo Lukasi hajambo, na ile homa ya Januari imekwisha. Anakula vizuri, ila analalamika kwamba Tanga nzima haina mtu anayejua kupika makande. Anakusalimu wewe, Priska na Anaeli. Anasema Anaeli asiguse randa iliyobaki nyumbani, kwa kuwa aliinoa kabla ya kuondoka.

Sasa kazi. Mashua ni ya matanga, ndogo, yenye mlingoti mmoja na chumba cha ndani ambamo mtu wa kimo cha Lukasi lazima ainame. Umeme wake ulifungwa kabla ya vita: betri moja, taa chache, na nyaya za mpira zilizopasuka kwa chumvi hadi shaba imegeuka kijani. Harwick anataka vyote vitolewe. Anataka dainamo kubwa zaidi kwenye injini, betri mbili kubwa, ubao wa swichi na fyuzi, taa nyekundu na kijani za ubavuni, taa ya juu ya mlingoti, na pampu ya umeme ya kutoa maji yanayokusanyika chini. Nyaya ni zangu. Masanduku, vifuniko na njia za kupitishia nyaya ni za Lukasi. Ndiyo maana nilimwita. Uliniandikia mwenyewe kwamba tangu paa la shule likamilike hapo Suji, amekaa bila kazi na amekuwa mkali.

Jambo moja limemfurahisha Harwick kuliko yote. Mimi Msabato sifanyi kazi Jumamosi, Lukasi Mlutheri hafanyi kazi Jumapili. "Basi mashua yangu haipumziki," alisema. Yahaya, mlinzi wa gati, akauliza, "Na mimi Ijumaa nikienda msikitini, nani atalinda?" Lukasi akamjibu, "Samaki."

Ijumaa jua likianza kushuka, Lukasi husimama kwenye sitaha na kunipigia kelele mbele ya watu: "Shemeji, Mungu wako anafunga duka! Kimbia!" Nami hukimbia kweli, kwa maana nyumba ninayopanga iko mbali na gati.

Msalimu mama. Nijibu ukipata mtu wa kushuka Makanya.

Ndugu yako,
Aminieli


Suji, 22 Machi 1954

Ndugu yangu Aminieli,

Marahaba. Barua yako ilikaa stesheni ya Makanya mpaka Fanueli aliposhuka kuuza maharage. Huku sote tu wazima isipokuwa mguu wa mama, ambao wewe unaujua. Priska amepanda darasa. Anaeli ameigusa randa, na kidole kimefungwa kitambaa. Mwambie baba yake asiulize zaidi.

Mvua zimechelewa. Bwawa la ndiva liko nusu, na zamu yetu ya maji imeangukia Ijumaa jioni, saa ambayo sisi hatuwezi kufungua. Nimempa zamu hiyo jirani yetu Ernesta, maana Wakatoliki hawana shida na Ijumaa jioni. Lakini sikumwambia tu "kafungue." Kizibo cha mwaka huu ni kipya, na ukikizungusha vibaya kinatoka chote, maji yanabomoa mfereji wa watu wa chini. Nilikaa naye pale juu mpaka akatia mkono wake mwenyewe kwenye kizibo na kusema, "Nimeelewa, Mama Priska, nenda kwenye Sabato yako." Ndipo nikateremka. Jua lilikuwa limebaki ukingo tu.

Muulize Lukasi kama Tanga imemrudishia sigara. Baba alimwambia achague, sigara au Raheli. Asidhani bahari inafuta ahadi.

Nina jambo moja juu ya kazi yenu. Lukasi anajua mbao. Umeme hajui, wala hajawahi kusema kwamba anajua. Usimwache peke yake na mambo yako.

Dada yako,
Raheli


Tanga, 13 Aprili 1954

Dada Raheli,

Shikamoo, na pole kwa kidole cha mwanao. Lukasi amecheka, kisha ameuliza ni kidole cha mkono gani. Kuhusu sigara anasema: "Mwambie mke wangu nanusa za Harwick tu, na harufu haikatazwi."

Mimi nilikuwa na jino, limeng'olewa. Mvua huku zimeanza kwa nguvu, kazi ya nje inakwenda polepole. Nyaya mpya zote zimepita. Ubao wa swichi uko ukutani karibu na ngazi. Dainamo imefungwa na inazunguka.

Kuna badiliko moja. Tulipanga betri zikae karibu na injini, mahali penye hewa. Mke wa Harwick anapataka mahali hapo pa kuwekea chakula cha safari. Sasa betri zitakaa chini ya kitanda, ndani ya sanduku. Nilimweleza Harwick kwamba betri kubwa inapochajiwa hutoa hewa ambayo haionekani wala hainuki, na hewa hiyo ikijaa mahali palipofungwa, cheche moja huilipua. Nikamwambia sanduku lazima liwe na bomba la kuitoa hewa hiyo hadi juu ya sitaha. Alisema ataagiza bomba Mombasa.

Lukasi amelimaliza sanduku. Ni la mvule, na viungo vyake havipitishi hata ncha ya wembe. Alilijaza maji gatini mbele ya Yahaya kumwonyesha kwamba halivuji tone. Nilimwambia nitakuja kulitoboa nitakapopata bomba. Akasema, "Nimetumia wiki nzima kuziba, wewe unakuja kutoboa."

Halafu akaniuliza jambo ambalo nimelifikiria tangu jana. "Mbao ukiikosea, unaona. Umeme ukiukosea, unaona nini?" Nikamwambia, huoni kitu, ndiyo maana kabla ya kugusa chochote changu lazima uniulize kwanza. Popote nilipo, uje uniulize. Akasema, "Basi nitakuuliza mpaka unichoke."

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Aminieli


Suji, 3 Mei 1954

Ndugu Aminieli,

Marahaba. Naandika kwa haraka kwa sababu Fanueli anashuka leo, ingawa tunasikia reli imekatwa na maji mbele ya Makanya na hakuna ajuaye treni itapita lini. Mama anaweza kutembea hadi kwenye mgomba wa kwanza na kurudi. Mahindi yamesimama vizuri. Ernesta amepoteza mbuzi wawili.

Nimesoma uliyoandika juu ya hewa isiyoonekana. Sikuielewa yote, lakini nimeelewa bomba. Je, limefika?

Ukurasa wa pili ni wa Lukasi. Usiusome.

Raheli


Tanga, 17 Mei 1954

Dada Raheli,

Shikamoo. Daktari alisema Jumamosi, mbele yangu na mbele ya ofisa wa polisi, kwamba Lukasi alikuwa amekwisha kufa kabla hajafikishwa hospitali. Simu ya maandishi niliyoipeleka misheni nadhani umeipata. Katika simu hakuna nafasi, kwa hiyo nakuandikia mambo kama yalivyo.

Jumamosi tarehe 15, asubuhi, Lukasi alikuwa peke yake ndani ya mashua. Yahaya alikuwa kwenye gati. Anasema alimwona Lukasi akiingia chumbani, akamsikia akifungua kifuniko cha kitanda, kisha ukatokea mlipuko. Moto haukuendelea. Sanduku la betri lilipasuka, na vipande vyake ndivyo vilivyompiga kifuani na shingoni. Maji ya betri yalimwunguza uso. Yahaya na wapagazi wawili walimtoa. Hakusema neno. Kisha Yahaya alikuja kuniita kanisani.

Tulimzika jana alasiri katika makaburi ya Walutheri. Mchungaji wao alisoma. Joto lilikuwa kali na treni bado haipiti, kwa hiyo isingewezekana kumleta nyumbani. Najua utauliza hilo na najua ndugu zake wa Usangi wataliuliza. Watu kutoka Upare waliopo hapa walikuja wote. Yahaya alichimba pamoja nasi.

Bwana Harwick amewaambia polisi kwamba fundi mbao aliwasha sigara.

Vifaa vyake vya kazi viko kwangu. Nimevipaka mafuta.

Pole, dada. Wape pole Priska na Anaeli, na umpe mama pole kwa namna utakayoona inafaa.

Aminieli


Suji, 7 Juni 1954

Aminieli,

Marahaba. Simu ilifika siku tatu baada ya kuzikwa kwake, na barua yako ilifika juzi. Mama amerudi kitandani. Watoto wanakwenda shule. Ernesta na wanawake wengine walikaa nami matanga yote na sasa wamerudi makwao.

Sefania, kaka yake Lukasi, alikuja kutoka Usangi, sehemu ya mwisho ya njia kwa miguu. Alikaa sebuleni, akasema, "Nimesikia ndugu yangu amekufa kwa sigara." Nikamwambia Lukasi hakuvuta sigara tangu aliponiposa. Akasema, "Mzungu amesema. Na ndugu yako, aliyekuwa naye kazini, amesema nini?" Nikatafuta barua yako nimsomee ulichosema. Nikaisoma tena mbele yake. Hukusema kitu. Umeandika alichosema daktari, alichosema Yahaya na alichosema Harwick.

Anaeli amepigana shuleni. Mtoto mmoja alimwambia baba yake alikuwa mjinga, alivuta sigara juu ya betri. Mwalimu amewachapa wote wawili.

Nakuuliza, na unijibu kwa mpangilio, kama unavyopenda. Bomba lilifika? Kama halikufika, kwa nini betri zilikuwa zinachajiwa? Lukasi alikwenda kufanya kazi gani ya umeme chini ya kile kitanda? Na Ijumaa, kabla hujakimbilia Sabato, ulimwambia nini?

Mama yako anasema nikusalimu. Nimekusalimu.

Raheli


Tanga, 22 Juni 1954

Dada Raheli,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nakutumia kwa mkono wa Mama Mshana wa hapo Bombo kitambaa cha sare za watoto na sukari. Barua yako ya tarehe 3 Mei ilinifikia tarehe 20, reli ilipofunguliwa. Ukurasa wa pili sijausoma.

Umeniuliza, nakujibu.

Bomba halikufika. Betri zenyewe zilifika Ijumaa tarehe 14, mchana, kwa meli. Harwick alizileta gatini mwenyewe akasema zianze kuchajiwa saa hiyohiyo, kwa sababu Jumapili alitaka kuwasha taa zote mbele ya rafiki zake. Nilimwambia sanduku bado halina pa kutolea hewa. Alisema, "Usiku mmoja hautadhuru. Endelea." Nikaendelea. Mashine ya kuchaji iko ndani ya kibanda cha gati na waya wake unaingia kwenye mashua. Nikafunga waya kwenye betri. Kifuniko cha kitanda nilikiacha wazi kidogo. Mvua ilianza jioni, na Yahaya anasema Harwick alipita akafunga kila kitu ili godoro lisilowe.

Kwa kawaida kazi yangu ya Ijumaa huisha kabla ya jua kuzama. Siku ile kuchaji kulihitaji kuendelea hadi asubuhi, na asubuhi ilikuwa Sabato. Kwa hiyo kuzima kuliangukia kwa Lukasi.

Anayezima lazima kwanza azime mashine kule kibandani. Kisha afungue milango yote ya mashua na kuacha upepo upite. Mwisho ndipo atoe waya kwenye betri. Ukianza na waya wakati mashine bado inafanya kazi, cheche hutoka palepale juu ya betri.

Polisi walikuta mashine bado inanguruma kibandani, na waya mmoja umetolewa.

Ijumaa jioni hatukuonana. Lukasi alikuwa amekwenda kuchukua mbao mjini. Nilimwachia Yahaya maneno: "Mwambie azime kesho asubuhi." Yahaya alimwambia. Jua lilikuwa linazama.

Harwick amesema nisiwe na wasiwasi juu ya kazi. Rafiki yake ana mashua kubwa zaidi na anataka ifungwe umeme vilevile.

Aminieli


Suji, 5 Julai 1954

Aminieli,

Marahaba. Kitambaa na sukari vimefika. Mama anakula uji. Mahindi tumevuna, Sefania alituma vijana wake wakasaidia. Hajasema tena habari za sigara, lakini alipokuwa anaaga aliniuliza, "Shemeji, siku mtakayojua, mtanijulisha?"

Nilisoma barua yako, nikakubali kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Harwick alilazimisha, bomba halikuwepo, jua likazama, ukaacha maneno nusu kwa mlinzi. Nilikasirika, lakini nikasema, mtu akikimbizana na jua husahau. Nilikumbuka mimi na Ernesta kule ndiva, nikataka kukuandikia kwamba hata maji hatuachiani hivyo. Nikaacha.

Juma lililopita Esta, mke wa mwalimu, alirudi kutoka Tanga alikokwenda kumwuguza bintiye. Alikuja kunipa pole. Tulikuwa jikoni, nachambua maharage. Akasema, "Maskini Lukasi, na alivyokuwa mcheshi hata asubuhi ile."

Nikamwuliza asubuhi ipi.

Akasema Jumamosi ile alikuwa kanisani kwenu, amekaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya mjukuu aliyekuwa analia. Akamwona Lukasi amesimama nje, kofia mkononi, nguo za kazi. Wewe ukatoka kumkuta. Akasikia yote. Nakuandikia kama alivyonieleza, nawe unisahihishe.

Lukasi alisema, "Shemeji, lile dude lako bado linanguruma. Nitoe waya upi kwanza?"

Ukasema, "Lukasi, leo Sabato. Habari za kazi kesho."

"Neno moja tu. Waya upi?"

"Kesho, nimesema."

"Mzee Harwick anasema likiendelea litaharibu betri. Anakuja sasa hivi. Nijibu kwa kichwa basi, Mungu hatasikia."

Ukasema, "Usinifanyie mzaha mlangoni pa kanisa."

Akasema, "Haya, Msabato. Uliniambia nikuulize, nimekuuliza." Akavaa kofia akaenda. Esta anasema alikuwa anacheka.

Aminieli, mimi na wewe tulifundishwa darasa moja, na mwalimu mmoja. Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, anatolewa. Baba alimtoa wetu, unakumbuka, sote tukashika kamba, nawe ulikuwa na suruali ya kanisani. Hakuna mtu aliyesema tumevunja Sabato.

Katika barua mbili umeniandikia kila waya. Hili hukuliandika.

Ni kweli au si kweli? Na unirudishie ukurasa wangu wa pili.

Raheli


Tanga, 19 Julai 1954

Dada Raheli,

Shikamoo. Karani wa mahakama alinijulisha leo kwamba uchunguzi wa kifo cha Lukasi utasikilizwa mbele ya hakimu hapa Tanga, Jumatatu tarehe 16 Agosti, saa tatu asubuhi. Mashahidi walioitwa ni daktari, ofisa wa polisi, Bwana Harwick, Yahaya na mimi. Wewe kama mjane unaruhusiwa kuwepo, na waweza kuuliza maswali kupitia hakimu.

Esta amesema kweli. Hakuna neno alilozidisha.

Asilolijua ni kwamba baada ya Lukasi kuvaa kofia, mlango niliufunga mimi. Nilirudi kwenye Shule ya Sabato nikakaa mahali pangu. Tulikuwa hatujamaliza somo tuliposikia kishindo kutoka upande wa bandari, si kikubwa, kama mlango mzito uliobamizwa. Watu waligeuka kutazama. Mimi sikugeuka. Nilikaa na Biblia mikononi mpaka Yahaya alipokuja kuniita.

Sijafanya kazi ya umeme tangu siku hiyo isipokuwa taa za nyumba. Mashua ya yule rafiki yake Harwick niliikataa, kisha nikaambiwa nifikirie tena. Mashua ya Harwick yenyewe imevutwa nchi kavu. Ukuta wa chumba umeungua upande mmoja. Ubao wa swichi haukuguswa, na taa zote zinawaka.

Polisi waliponihoji waliniuliza juu ya nyaya. Niliwajibu juu ya nyaya. Hawakuniuliza kama nilimwona Lukasi siku ile, nami sikusema. Harwick aliniita nyumbani kwake juzi. Alisema kwa upole kabisa, "Wewe eleza mambo ya umeme. Mambo ya sigara niachie mimi. Kwa njia hiyo hakuna atakayepata taabu, maana marehemu hawezi kufungwa." Nikamwuliza kama alimwona Lukasi na sigara. Akasema, "Ingekuwa nini kingine?" Lakini anajua, kwa sababu nilimweleza cheche kabla betri hazijafika.

Mzee mmoja wa kanisa letu hapa amenishauri nijibu nitakachoulizwa tu. Yahaya, ambaye hakusikia ya mlangoni, ameniambia jambo jingine. Tulikuwa tumekaa gatini. Alisema, "Mimi nitasema sikumwona na sigara. Sasa wataniuliza, kama si sigara, ni nini? Mimi mlinzi, sijui. Wewe unajua."

Nikisema yote, Harwick hatanipa kazi, wala rafiki zake, na hao ndio wenye kazi hapa. Hakimu anaweza kuona nina hatia ya uzembe, na uzembe uliosababisha kifo una kifungo. Mama ananitegemea, na sasa wewe na watoto mtanitegemea. Nikinyamaza, nitaweza kuwasomesha Priska na Anaeli hadi mwisho. Nimelipima hivyo, kila upande.

Niambie, dada, niseme nini. Utakalosema nitalifanya.

Ukurasa wa pili uko ndani ya bahasha hii, umekunjwa kama ulivyoukunja.

Aminieli


Suji, 2 Agosti 1954

Aminieli,

Marahaba. Mama hajambo kuliko mwezi uliopita. Jana alimenya ndizi akiwa amekaa. Priska ana kikohozi. Anaeli ametengeneza kigoda kwa randa ya baba yake, miguu mitatu, mmoja mfupi, na hataki mtu akirekebishe.

Ukurasa nimeupata. Nilikuwa nimemwandikia Lukasi kwamba mlango wa jikoni umeanza kukwama kwa unyevu na nitamsubiri yeye aje aurekebishe. Nimemwita fundi mwingine.

Unaniuliza useme nini. Nimelala na swali hilo na kuamka nalo, na jibu langu ni kwamba sitakuambia. Lukasi alikuja mlangoni kukuuliza neno moja lililokuwa lako kumpa, wewe ukalipeleka kesho. Sasa unaniletea mimi neno jingine lililo lako. Nikikuambia sema, ukafungwa, utakuwa umefungwa na Raheli. Nikikuambia nyamaza, nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili, na kwa sigara. Hilo la kusomeshwa watoto usiliandike tena. Anaeli atasoma au atachonga vigoda. Lakini jina la baba yake ndilo analopigania kila juma njiani, na hajui kwamba mjomba wake ana la kumaliza ugomvi huo.

Nimekwenda Usangi mwenyewe. Nilikaa na Sefania na mkewe Hedwiga, nikamweleza yote, tangu Harwick hadi mlango wa kanisa. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza tu, "Kumbe aliuliza waya upi utoke kwanza?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi hakuwa mjinga." Alirudia mara mbili. Hedwiga akatoka nje.

Kuhusu wewe alisema, "Nitamsikiliza huko mbele ya hakimu. Kabla ya hapo sina ndugu wala adui." Tutakuja pamoja.

Treni ya abiria inasimama Makanya Jumanne na Jumamosi. Sefania alitaka twende Jumanne tarehe 10, kwa ajili yangu, kwa kuwa anajua taratibu zetu. Nimemwambia tutapanda ya Jumamosi tarehe 14. Mzee wa kanisa hapa amekwisha kunionya kwamba nitasimamishwa ushirika nikisafiri siku hiyo. Nimemsikia, na Jumamosi hiyo nitateremka mlima na mzigo wangu kichwani kama siku yoyote.

Sina nyumba ya kufikia Tanga ila kwako, na kaburi silijui liliko. Mkuu wa stesheni amesema treni ikienda vizuri itafika Tanga saa kumi jioni, jua likiwa bado juu na Sabato haijaisha. Nitakuwa na mzigo, na nitakuwa na la kukuuliza, moja tu. Uwepo stesheni.

Raheli